Kompyuta Inayoruhusiwa Kuharibika

Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi wakati wa likizo ya Desemba 2025. Jibu ni fupi: nilikuwa Guta, mkoani Mara, nimeshika bisibisi badala ya kalamu. Kwa wasioijua, Guta ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, kando ya Ziwa Victoria, kwenye ile sehemu ambayo ramani zinaiita Ghuba ya Speke. Ukishuka kwenye basi la Mwanza kwenda Musoma pale Bunda mjini, unachukua bodaboda kuelekea ziwani, na kabla hujauona mwalo pua inakuwa imeshakuambia kwamba dagaa wameanikwa.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari huko. Alitaka kutumia wiki mbili za likizo kuwafundisha wanafunzi thelathini kuandika programu kwa lugha ya Python, juu ya Linux. Alinipigia simu kwa sababu anajua kwamba kabla sijaingia kwenye uandishi wa habari nilikuwa nafomati kompyuta za watu kwenye intaneti kafe. "Kozi yenyewe naiweza," akasema. "Tatizo ni mashine. Njoo unisaidie kuziandaa."

Basi nikaenda. Kuandaa mashine kulichukua siku sita, na nimetoka huko na wazo moja ambalo nataka niwaeleze kwa kirefu, kwa sababu nadhani linahusu shule nyingi kuliko ile moja. Wazo lenyewe ni hili: kompyuta ya kufundishia programu ni ile ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuiharibu.

Najua linasikika vibaya. Vumilieni kidogo.

Chumba cha kompyuta cha shule ile kina mlango wa chuma na kufuli mbili. Ndani kulikuwa na kompyuta 22, kila moja imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama makochi ya sebuleni kwa mama zetu. Ukutani kuna bango: USIGUSE BILA RUHUSA. Ufunguo mmoja anao mwalimu, wa pili anao mkuu wa shule. Mmoja wao akisafiri, hakuna somo.

Ni rahisi kucheka. Msicheke. Kila sipiyu ina namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na namba hiyo imo kwenye leja ya mali za shule. Siku mkaguzi akija akakuta mashine ni mbovu, atakayeulizwa ni mwalimu aliyesaini kuzipokea. Mwalimu wetu hana kinyongo na mtoto kujifunza. Anachokilinda ni mshahara wake. Wewe na mimi tungekuwa kwenye kiti chake tungenunua kufuli ya tatu.

Lakini tazama matokeo yake. Siku ya kwanza, wanafunzi wachache waliokuja kutusaidia kubeba vitu waliingia mle ndani kama wanaoingia msibani. Nilimwomba binti mmoja wa kidato cha tatu abonyeze kibodi tuone kama inafanya kazi. Alibonyeza herufi moja kwa kidole kimoja, halafu akaurudisha mkono haraka, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto. Ndivyo alivyofundishwa. Kwa miaka mitatu somo aliloelewa vizuri kuliko yote ni kwamba kompyuta ni kitu cha kuogopa.

Sasa niambieni, mtu ataandikaje programu kwa mkono wa namna hiyo? Kuandika programu ni kukosea mara mia moja kwa siku na kurekebisha mara mia moja na moja. Anayeogopa kukosea atanakili kilichoko ubaoni, kitakubali, atapata alama zake, na hatakuwa amejifunza kitu.

Tuliamua kwamba wanafunzi sita watafungua mashine pamoja nasi. Hatukuwaita kututazama tukifanya kazi, walizifungua wenyewe. Jambo la kwanza tuliwaonyesha nyuma ya kila sipiyu, pale waya wa umeme unapoingia. Kwenye mashine nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu kidogo chenye namba mbili, 115 na 230. Marekani umeme wa nyumbani ni wa volti kama 120, wetu ni 230. Mashine iliyotoka huko ikiwa bado kiswichi kiko 115, ukiichomeka tu kwenye soketi ya hapa utasikia mlipuko, utaona moshi, na mchezo umeisha. Tulikuta mbili za hivyo, zimekaa kwenye kona na vitambaa vyake, hazijawahi kuwashwa tangu zifike. Kijana aliyeziona alipiga kelele kana kwamba amemkamata mwizi. Tukavirudisha viswichi kwenye 230, zikawaka.

Halafu vumbi. Sitaki kuwaelezea vumbi la kiangazi cha Bunda likiwa ndani ya feni ya kompyuta, labda niseme tu kwamba tulitumia brashi ya kupakia rangi. Mashine nne zilizokuwa zikipiga mlio bila kuonyesha kitu zilipona kwa ufutio wa penseli: unachomoa RAM, unasugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu, unarudisha. Wanafunzi hawakuamini. Kifaa kilichoandikwa "mbovu" kwenye leja kimetibiwa na kitu wanachokibeba kwenye mkebe wao.

Ugonjwa uliotutesa zaidi ni betri ndogo, ile bapa kama sarafu, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Karibu zote zilikuwa zimekufa. Unaweza kusema saa tu, kuna nini? Kuna mengi. Mashine isiyo na betri hiyo ikizimwa inarudi kwenye tarehe yake ya kuzaliwa, na nyingi ziliamka zikidhani ni Januari 2002 au 2009. Kompyuta yenye imani hiyo ukiiunganisha na intaneti inakataa tovuti karibu zote, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa hesabu yake vyeti hivyo bado havijaanza kutumika. Linux nayo inakataa kusakinisha programu mpya kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa amehangaika mwaka mzima akiamini mtandao ndio mbovu. Dawa tuliipata kwa fundi saa wa Bunda mjini.

Mwisho wa siku ya tatu tulikuwa na mashine 17 nzima. Tano tulizitoa viungo tukavigawa kwa wenzake, na mwalimu akaandika kila kitu kwenye leja: kiungo gani kimetoka wapi kimekwenda wapi. Huo ulikuwa uamuzi wake, na ulikuwa wa busara sana, mtaona baadaye.

Kwa nini Linux? Sababu ya kwanza mnaijua: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine za umri wa hizi. Sababu ya pili ni kwamba leseni halali za mashine 17 hakuna wa kuzilipa, na kumfundisha mtoto juu ya nakala ya wizi ni kumfundisha somo lingine kabisa. Ila kwangu mimi iliyo kubwa ni sababu ya tatu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, aliweka kazi yake hadharani ili wengine waisome na kuirekebisha. Tangu hapo kila mstari wa Linux uko wazi. Ukiwa na udadisi, hakuna mlango utakaokuta umefungwa.

Tulichagua Debian. Mashine 13 zilipokea toleo la 13, lililotoka Agosti 2025. Nne zilikuwa za zamani mno, za biti 32, na toleo hilo jipya haliwezi tena kusakinishwa kwenye mashine za aina hiyo. Hizo tukazipa toleo la 12 la mwaka 2023. Nawaambia hili kwa sababu kuna watu wanadhani Linux inakubali chochote milele. Haikubali. Mlango wa mashine za biti 32 unafungwa polepole, na shule zetu ndizo zenye mashine hizo.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo, maana vijana wengi hawajui kwamba Bunda si mgeni wa mambo haya. Katika miaka ya 2000 kulikuwa na mradi ulioitwa ICT4RD, uliowashirikisha COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm. Walitumia nyaya za mkongo zilizokwishapita kwenye njia za umeme za TANESCO kujenga mtandao walioupa jina la Serengeti Broadband Network, ukiunganisha Bunda, Nata na Mugumu, ili shule, hospitali na ofisi za halmashauri zipate intaneti. Wakati huo mijini bado tulikuwa tunalipia intaneti kwa dakika!

Miaka hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili, bure. Na Wajerumani wa Linux4Afrika, kutoka Freiburg, walikuwa wanakusanya kompyuta zilizotumika na kuzileta Tanzania na Msumbiji zikiwa na Linux, kwa mtindo wa seva moja yenye nguvu inayobeba kazi yote huku mashine nyingine dhaifu zikiwa kama vioo tu.

Mtindo huo wa seva moja tuliufikiria na kuuacha, ingawa kwa somo la kawaida ni mzuri na wa bei nafuu. Seva ikifa, darasa zima limekufa. Na zaidi ya hapo, hakuna mwanafunzi mwenye mashine yake ya kuharibu. Akiharibu, anaharibu ya wote.

Na ndipo tukafika kwenye ugomvi. Kwenye Linux kuna mtumiaji mkuu anayeweza kufanya lolote, hata kufuta mfumo wote. Swali likawa: paswedi ya huyo mkuu tuwape wanafunzi au tusiwape? Mwalimu alisema hapana, kwa sauti ya mtu aliyesaini leja. Mimi nikasema ndiyo, kwa sauti ya mtu atakayepanda basi wiki ijayo. Tulibishana usiku kucha tukila sato, na nakiri kwamba hoja yake ilikuwa na uzito kuliko yangu. "Wewe ukiondoka," aliniambia, "nani ataketi usiku kusakinisha upya mashine kumi na saba?"

Jibu likatoka kwenye hilo hilo swali lake: asiketi yeye. Kuna programu ya bure inaitwa Clonezilla. Unaandaa mashine moja vizuri, kila kitu kimo, halafu Clonezilla inapiga picha ya diski nzima na kuihifadhi kwenye diski ya nje. Mashine nyingine yoyote unaweza kuimwagia picha ile ikawa pacha wa ya kwanza. Kwa leseni za kulipia, pacha 17 ni kesi. Kwa Linux ni haki yako. Sharti moja la kukumbuka: picha haiingii kirahisi kwenye diski ndogo kuliko ilikotoka, kwa hiyo mashine mama iwe ile yenye diski ndogo kuliko zote. Tulitengeneza picha mbili, moja ya biti 64 na moja ya 32.

Pacha wana tatizo lao, wote wanajiita jina moja na wanagongana kwenye mtandao. Kazi ya kuwapa majina tuliwaachia wanafunzi. Wakatumia samaki wa ziwa lao: Sangara, Sato, Dagaa, Kambare, Kamongo, Gogogo, Ningu, Nembe. Ile mashine kongwe kuliko zote ikaitwa Furu, kwa sababu, alivyoeleza kijana mmoja, furu walikuwepo ziwani tangu zamani na sangara alipoletwa karibu wamalizike, lakini baadhi wapo bado. Samaki walipokwisha wakahamia kwenye visiwa: Ukerewe, Ukara, Irugwa.

Halafu tukafanya jaribio mbele ya mkuu wa shule. Yule binti wa kidole kimoja alikaa mbele ya Sato. Mwalimu akampa amri ya kufuta kabrasha lenye mipangilio yote ya mfumo. Akamtazama mwalimu mara mbili. Akabonyeza. Kwa muda hakikutokea kitu, kisha tukaiwasha upya, na Sato haikurudi, kioo cheusi na maandishi ya kulalamika. Mkuu wa shule alisimama. Nilimwona anahesabu fedha kichwani.

Binti akachomeka diski ya nje, akafuata karatasi ya hatua tisa aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, na baada ya dakika 14 kwa saa ya mkononi ya mkuu wa shule, Sato ikawaka kama kawaida. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa shule aliuliza swali moja tu: "Na hiyo karatasi, mwingine akiisoma ataweza?" Akaambiwa achague mtu. Akamchagua mtoto wa nyuma kabisa. Dakika 16.

Paswedi ikatolewa, kwa masharti ya mwalimu. Kila anayeharibu mfumo anairudishia yeye mwenyewe, kisha anaandika kwenye daftari: tarehe, jina la mashine, nilifanya nini, nini kilitokea. Lile daftari sasa lina faida mbili. Mkaguzi akija, mwalimu ana ushahidi wa kila jambo, sawa na leja yake ya viungo. Na wanafunzi wanalisoma kama hadithi, maana humo kuna makosa ya wenzao, na ukisoma kosa la mwenzako hulirudii, unatafuta la kwako.

Umeme ulikatika mara nyingi, ilikuwa msimu wa mvua na radi za ziwani si za mchezo. Tulizima kila kitu na kuchomoa waya ukutani kila wingu lilipojikusanya. Intaneti hatukuitegemea: kwenye mashine moja tuliweka vifurushi vya Debian, mwongozo mzima wa Python, na Wikipedia ya Kiswahili kwa kutumia Kiwix, programu inayokuwezesha kuisoma bila mtandao. Wengine wakaisoma kupitia nyaya za humo humo chumbani.

Kozi yenyewe sitaielezea siku kwa siku. Niwape tukio moja. Mwalimu alikuwa anafundisha michakato, yaani programu zinapokuwa kazini. Kwenye Linux mchakato mmoja unaweza kuzaa mwingine, na lugha ya wenyewe ni ya ukoo kabisa: kuna mzazi na kuna mtoto. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto anakuwa yatima, na mfumo haumwachi hivi hivi, anachukuliwa na mchakato namba 1, ule uliotangulia wote. Mwalimu alikuwa anatafuta maneno ya kulieleza hilo. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, si ni kama mtoto anayekwenda kwa bibi?" Darasa likanyamaza kidogo, maana mle ndani wapo wanaolelewa na bibi, yeye akiwa mmoja wao. Mwalimu akaandika ubaoni: 1 = Bibi. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena swali kuhusu jambo hilo, na mimi nikawaza ni miaka mingapi tumefundisha mambo haya kama vile hayana uhusiano wowote na watu.

Wiki ya pili waliandika programu zao. Nyingi zilikuwa za kupiga hesabu: madeni ya duka, bei ya debe la dagaa wakavu ukiondoa nauli na chumvi. Hazikuwa za ajabu. Programu ya madeni ilikuwa na kosa lililompa kila mteja shilingi za bure, na mwenyewe ndiye aliyeligundua. Daftari la uharibifu lilikuwa na maingizo 41. Mashine iliyokufa kabisa ni moja, kwa diski iliyochoka, si kwa mkono wa mtu.

Sasa, ninyi mnaosoma haya mkiwa maofisini Dar, Mwanza na Arusha. Najua ofisi zenu zinatoa kompyuta za zamani baada ya Windows 10 kuachwa. Mkizipeleka shuleni, fanyeni mambo manne. Futeni diski zenu wenyewe. Ondoeni paswedi mliyoiweka kwenye mipangilio ya kuwashia, maana mashine iliyofungwa hivyo ni jiwe. Wekeni betri mpya ya saa, ni bei ya soda. Na kwenye barua ya kukabidhi andikeni kwa maneno yaliyo wazi kwamba mnatarajia mashine hizi zifunguliwe, zichakae na nyingine zife zikitumika, ili mwalimu awe na kitu cha kumwonyesha mkaguzi. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kompyuta ya kumi na nane.

Juzi mwalimu amenitumia ujumbe: "Sato ilianguka tena jana. Wameirudisha kabla sijafika." Nikamuuliza nani aliiangusha. Akajibu kwamba yeye hajui, itabidi asome daftari.